Hewa Moja kwa Wazamiaji Wawili
Katika kina cha meta 20 baharini, kanieneo ni mara 3 ya ile iliyopo juu ya maji. Kwa hiyo hewa ya mtungi huisha upesi mara 3, na mzamiaji akiingiwa na hofu huhema, ikaisha upesi zaidi. Hapo kiongozi humpa kipumulio cha akiba kilichoungwa na mtungi wake mwenyewe, humshika mkono, wakapanda pamoja polepole. Lakini mwenye hofu hubana pumzi, na hiyo ndiyo hatari isiyodhaniwa. Kwa kanuni ya Boyle ya mwaka 1662, lita 4 za hewa zilizofungiwa mapafuni katika meta 10 hutaka kuwa lita 8 zifikapo juu, mapafu huchanika. Hata meta 2 za mwisho zaweza kudhuru. Kiongozi hamwondolei macho, humwashiria apumue, apumue tena.