Kitenzi kimoja katika mazungumzo ya tabianchi

Mwaka 2021, mjini Glasgow, rasimu ya mkutano wa tabianchi ilitaka umeme wa makaa ya mawe usionaswa moshi wake «uondolewe» hatua kwa hatua. Dakika za mwisho India iliomba badiliko, na «kuondoa» ikawa «kupunguza». Kitu kinachoondolewa kina mwisho. Kinachopunguzwa chaweza kubaki daima.

Kwa nini ombi kama hilo likubaliwe? Tangu mkutano wa kwanza, Berlin 1995, nchi hazijawahi kupitisha kanuni ya kupiga kura. Huamua kwa maafikiano, hivyo wachache wakikataa, wote hukwama. Njia ya kutoka ni kulegeza maneno. Paris, mwaka 2015, Marekani ilikataa neno lenye maana ya «sharti» juu ya wajibu wa nchi tajiri. Likawekwa lenye maana ya «inafaa». Nadhani mradi kanuni hii haijabadilika, mapatano yajayo yataendelea kulegea hivyo.

Jambo la pili ni fedha. Baku, mwaka 2024, lengo liliwekwa: angalau dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, ingawa nchi zinazoendelea zilidai bilioni 1,300. Tuichambue sentensi yenyewe: nchi tajiri «zikitangulia», na fedha zitoke serikalini na kwa watu binafsi. Nani atalipa kiasi gani? Sentensi haisemi.

La tatu ni lugha. Mkataba wa Paris una nguvu sawa katika lugha sita, Kifaransa kikiwemo. Lakini wakalimani huhudumia hasa vikao vikubwa. Katika vyumba vidogo, ambamo maneno huchongwa, watu hujadiliana kwa Kiingereza. Nchi yetu, iliyopokea mkutano wa maandalizi mjini Kinshasa Oktoba 2022 na yenye sehemu kubwa ya msitu wa Bonde la Kongo, hutetea msitu huo kwa lugha ambayo wajumbe wake wengi hawakusomeshwa nayo.

Ndiyo maana naona kitivo chetu kinahusika. Mwanakijiji wa Tshopo ataelezwa mapatano haya kwa Kiswahili. Mfasiri akiandika «punguza» penye «ondoa», au «sharti» penye «inafaa», mtu huyo atadai ahadi ambayo haikutolewa, au ataiacha iliyotolewa. Tuanze na orodha ya vitenzi hivyo.