Wasifu wa Muuguzi Mpya: Ushahidi Kabla ya Sifa

Katika Jiji la Arusha na vijiji vinavyouzunguka Mlima Meru pana mahali pengi ambapo kazi ya muuguzi inahitajika usiku na mchana. Ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru mjini. Ipo Hospitali ya Selian huko Ngaramtoni, upande wa barabara iendayo Namanga. Ipo Hospitali ya Nkoaranga katika miteremko ya mlima. Na vipo vituo vya afya na zahanati za Arumeru. Lakini kati ya mhitimu wa chuo cha uuguzi na wodi anayotamani kuifanyia kazi ipo karatasi moja au mbili ziitwazo wasifu. Karatasi hiyo hufika kwa mwajiri kabla ya mwenyewe, nayo husemwa au kunyamaziwa wakati mwenyewe hayupo kuitetea.

Wasifu nyingi za wahitimu wapya hufanana mno. Kila mwandishi ni mchapakazi, mwaminifu, mwepesi wa kujifunza na mwenye moyo wa kushirikiana na wenzake. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba muuguzi, kuliko wahitimu wa fani nyingine nyingi, amekwisha kufundishwa namna ya kuandika wasifu bora. Mafunzo hayo aliyapata wodini, alipokuwa akijaza faili la mgonjwa.

Somo la faili la mgonjwa

Muuguzi aliyefunzwa vema haandiki kwamba mgonjwa "ana homa kali sana". Huandika kwamba saa 4 usiku joto la mwili lilikuwa nyuzi 39.2, mapigo ya moyo 112 kwa dakika, na dawa fulani ilitolewa kwa kipimo fulani. Kisha hutia sahihi. Hufanya hivyo kwa sababu muuguzi wa zamu ya asubuhi, ambaye hakuwapo usiku, hana budi kutenda kwa kutegemea maandishi hayo. Neno "kali" halimwambii kitu. Nyuzi 39.2 zinamwambia, kwani anaweza kuzilinganisha na zile atakazopima mwenyewe. Ndiyo maana wakufunzi wa uuguzi husisitiza kwamba lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikufanyika.

Nidhamu hii ina historia ndefu. Wakati wa Vita vya Crimea, vilivyokwisha mwaka 1856, Florence Nightingale hakutosheka na kuwauguza askari wa Uingereza. Alikusanya pia hesabu za vifo vyao. Mwaka 1858 alichapa michoro iliyoonyesha kwamba askari walioangamizwa na maradhi yaliyoweza kuzuilika walikuwa wengi mno kuliko waliokufa kwa majeraha. Huruma yake haikuwa na shaka, lakini hoja aliyoipeleka mbele ya wakubwa wa serikali ilikuwa ya takwimu.

Msomaji wa wasifu ni kama muuguzi wa zamu ya asubuhi. Hakuwapo wakati mhitimu alipokuwa akijifunza, na sasa yampasa kuamua. Apewe, basi, maandishi anayoweza kuyategemea.

Tendo, mahali, muda na kiwango

Tuchukue mfano. Mhitimu mmoja ameandika: "Nina ujuzi mzuri wa kuhudumia wazazi." Mwingine ameandika: "Wodi ya wazazi, wiki 8. Nilifuatilia uchungu kwa kutumia patografu. Nilizalisha akina mama 20 chini ya usimamizi wa mkunga. Nilipima alama za Apgar kwa watoto wote hao." Maelezo haya ya pili hayana neno hata moja la kujisifu, lakini msimamizi yeyote wa wodi ya wazazi atayasoma mara mbili.

Sababu ni kwamba kila neno lina uzito wa kitaalamu. Patografu ni karatasi inayochora maendeleo ya uchungu, yaani kufunguka kwa mlango wa kizazi, mapigo ya moyo wa mtoto na hali ya mama. Mwaka 1972 Robert Philpott, aliyefanya kazi katika mji ambao leo ni Harare, alieleza namna ya kuitia mstari wa tahadhari, ili mkunga aliye mbali na daktari atambue mapema kwamba mzazi apelekwe hospitali kubwa. Anayeijua karatasi hiyo anaweza kuokoa maisha mawili katika zahanati ya mlimani wakati wa masika, barabara inapokuwa tope tupu.

Maneno "chini ya usimamizi" nayo ni ya lazima. Katika uuguzi kuna tofauti kubwa baina ya kutazama, kusaidia, kutenda mbele ya msimamizi, na kutenda peke yako. Mhitimu aionyeshe tofauti hiyo bila haya. Hakuna anayetazamia mtu aliyetoka chuoni jana awe amekwisha kutenda yote peke yake. Hesabu zenyewe azitoe katika kitabu chake cha mafunzo kwa vitendo, ambacho kila tendo limetiwa sahihi na msimamizi. Asizikisie.

Mwenye uzoefu wa miaka sifuri

Wahitimu wengi hukata tamaa waonapo neno "uzoefu". Hapa utafiti una la kusema. Mwaka 1998 Frank Schmidt na John Hunter wa Marekani walichapa muhtasari wa utafiti wa miaka 85 kuhusu njia za kuchagua wafanyakazi. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake waliyapitia tena makadirio hayo kwa hesabu zilizosahihishwa. Katika kipimo ambacho 0 ina maana ya kutotabiri lolote na 1 kutabiri bila kosa, usaili uliopangwa, ambamo waombaji wote huulizwa maswali yale yale na kupimwa kwa kigezo kimoja, ulipata 0.42. Majaribio ya maarifa ya kazi yalipata 0.40. Idadi ya miaka ya uzoefu ilipata 0.07 tu.

Isidhaniwe kwamba uzoefu hauna thamani. Linaloonekana ni kwamba wingi wa miaka peke yake hausemi mengi; maarifa na matendo husema zaidi. Kwa hiyo mhitimu asiyekuwa na miaka ya kuorodhesha aorodheshe alichokifanya katika kila wodi aliyopitia. Aliyesoma shahada aeleze pia mwaka wake wa utarajali, idara kwa idara.

Mazingira ya Meru

Jambo jingine linalosahauliwa ni mahali. Mwajiri wa Arusha anahudumia watu wa Arusha. Maji ya sehemu nyingi zinazouzunguka Mlima Meru yana madini mengi ya floraidi yatokanayo na miamba ya volkano, kupita kiasi cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Floraidi ikizidi huyafanya meno ya watoto kuwa ya kahawia, na baada ya miaka mingi huweza kuidhuru mifupa. Huko Ngurdoto pamekuwa na kituo cha utafiti kinachochuja maji kwa mkaa wa mifupa. Mhitimu aliyefanya mazoezi ya afya ya jamii vijijini, akawaeleza wazazi juu ya maji hayo, ana jambo la kuandika ambalo mwenzake wa mkoa mwingine hana.

Vivyo hivyo kuhusu lugha. Aandikaye "Kiswahili na Kiingereza" hajakosea; lakini kama anasema Kimaasai au Kimeru, kuliacha hilo ni hasara. Bibi aletwaye Selian kutoka bomani akiwa na maumivu hawezi kungoja mkalimani atafutwe.

Mpangilio na viambatisho

Wasifu wa mhitimu hauna haja ya kupita kurasa mbili. Juu liwepo jina, anwani na simu, kisha namba ya usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, kwani kwa Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 asiye na usajili na leseni haruhusiwi kufanya kazi hiyo. Yafuate masomo, kuanzia ya karibuni, mafunzo kwa vitendo, ujuzi mahususi, lugha, na wadhamini watatu wanaomjua kikazi, walioombwa ridhaa kwanza. Jina liwe moja katika vyeti vyote, na kama limebadilika, hati ya kisheria iambatishwe. Aombaye kazi serikalini akumbuke kwamba matangazo ya Sekretarieti ya Ajira husema wazi kuwa hati za matokeo ya muda hazikubaliwi mahali pa vyeti kamili. Wapo walioachwa nje kwa sababu ya karatasi, wala si kwa upungufu wa maarifa.

Uongo wodini

Tarehe 28 Aprili 2017 Rais John Magufuli alipokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki iliyotaja watumishi wa umma 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi. Wengi waliizungumza habari ile kama suala la mishahara na haki. Kwa muuguzi kuna jambo zito zaidi. Uongo wa wasifu hauishii ofisini bali hufuatana na mwenyewe hadi wodini.

Mwajiri akisoma kwamba mtu ana uwezo wa kusimamia uongezaji wa damu, atampanga zamu ya usiku kwa kuamini hivyo. Usiku huo itafika chupa ya damu. Lazima jina la mgonjwa, namba yake na kundi la damu vilinganishwe, na dakika 15 za kwanza mgonjwa atazamwe kwa makini, maana hapo ndipo madhara makubwa huanza kujitokeza. Aliyeandika "nimesaidia mara 3 chini ya usimamizi" atapangiwa mwenzake wa kumwongoza. Aliyeandika "nina uzoefu mkubwa" ataachwa peke yake na yule mgonjwa.