Sabuni Nyingi Haifui Zaidi

Mjini Eagan, kusini kidogo ya Saint Paul katika jimbo la Minnesota, kuna kituo cha utafiti cha Ecolab, kampuni ambayo Merritt Osborn aliianzisha Saint Paul mwaka 1923 na ambayo leo huziuzia hoteli na hospitali za nchi nyingi sabuni na dawa za kusafishia. Katika vyumba vya kufulia vya hoteli kubwa sabuni haikadiriwi kwa jicho. Pampu huitia mashineni kwa kipimo kilichopangwa mapema, kulingana na uzito wa nguo, aina ya uchafu na hali ya maji. Anayefua mashuka mamia kila siku anajua kwamba sabuni iliyozidi ni hasara mara mbili: fedha imemwagika, na shuka halisuuziki. Majumbani wengi wetu huinamisha jagi mpaka moyo uridhike. Nashikilia kwamba kanuni ya hoteli inafaa nyumbani pia, kwani katika mashine za kisasa zinazotumia maji kidogo, sabuni ikizidi, nguo hutakata kwa shida.

Tabia ya kumimina bila kupima haikuzuka bure. Aliyekulia Mwanza, Mombasa au Bukavu alifundishwa kufua kwa mikono, kwa beseni, sabuni ya mche au ya unga, na povu likiwa shahidi. Povu likikatika mapema, ilikuwa dalili ya kweli kwamba uchafu umeimaliza sabuni, au kwamba maji ya kisima yana chumvi, na mfuaji aliongeza. Kisha nguo zilisuuzwa maji mawili, matatu, hadi povu liishe. Mashine za zamani za Marekani, zile za kufungulia juu, nazo zilivumilia mkono mzito kwa sababu zilitumia takribani lita 150 za maji kwa mzigo mmoja. Mambo yalibadilika baada ya kampuni ya Maytag kutoa mashine yake ya Neptune mwaka 1997, na serikali kuu ya Marekani ilipokaza viwango vya mashine za kufulia mwaka 2007 na tena 2015. Mashine ya leo yenye alama ya herufi “he”, yaani yenye ufanisi mkubwa, mara nyingi hutumia kati ya lita 50 na 75. Ukitia sabuni ya kiasi kilekile cha zamani katika maji yaliyopungua hadi nusu au theluthi, umeikoleza mara mbili au tatu, na maji ya kuisuuza nayo ni haba.

Kukoleza huko hakusaidii, na sababu imo katika kazi ya sabuni yenyewe. Kila molekuli yake ina upande unaopenda maji na upande unaopenda mafuta. Upande wa mafuta huung'ang'ania uchafu, na upande wa maji huuvuta utoke kwenye uzi. Zikishapatikana molekuli za kutosha kuuzunguka uchafu uliopo, za ziada hazina kazi. Zikitikiswa pamoja na hewa huwa povu tu. Mashine ya kufungulia mbele husafisha kwa kuziinua nguo na kuziangusha katika maji machache ili zigongane na kusuguana, na povu zito huzikinga zisigongane. Likizidi zaidi hujaa kati ya pipa la ndani na la nje, likazuia mzunguko wa kukamulia na kuchelewesha maji kutoka. Mashine nyingi hulitambua, zikasimama kusubiri lipungue au zikaongeza maji ya kusuuzia, na hivyo maji na muda uliokusudiwa kuokolewa hupotea. Sabuni isiyotoka hubaki kwenye taulo, likakauka gumu na kukataa kunyonya maji. Hubaki kwenye nguo za mtoto mwenye ukurutu, ikamwasha. Hubaki kwenye mpira wa mlango, ikalisha ukungu na bakteria wenye harufu ya uvundo. Mwenye nyumba akisikia harufu hiyo, huongeza sabuni, na tatizo hukua.

Basi kiasi gani kinatosha? Kwa sabuni ya maji ya siku hizi yenye alama ya “he”, ambayo imetengenezwa itoe povu kidogo, mzigo wa kawaida unatosheka na mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya mezani. Nguo chache zisizochafuka sana zinahitaji kijiko kimoja, na mzigo mkubwa mchafu vijiko vitatu. Kiasi hiki huonekana kidogo kwa kuwa sabuni yenyewe imekolezwa: mwaka 2007 kampuni ya maduka ya Walmart ilitangaza kwamba itauza sabuni za maji zilizokolezwa tu, na mwaka uliofuata ikatimiza. Vifuniko vya majagi, hata hivyo, vingi ni vikubwa kuliko kipimo, na mistari yake imechongwa katika plastiki ya rangi ileile, isionekane upesi. Tupige hesabu. Jagi la lita 2.7 lililoandikwa kwamba linatosha mizigo 64 limekadiriwa mililita 42 kwa mzigo. Anayemimina mililita 90 atalimaliza baada ya mizigo 30; anayetumia 30 atafua mizigo 90. Vidonge vya sabuni navyo vina sharti lake: hutiwa ndani ya pipa kabla ya nguo, si kwenye droo, na kwa kuwa havigawanyiki, havifai mzigo mdogo.

Yupo atakayepinga kwa kusema kwamba maji ya Eagan ni magumu na hula sabuni. Pingamizi hili lina uzito. Eagan huchota maji ya visima virefu, yaliyopita katika miamba ya chokaa na kubeba kalisi na magnesi nyingi. Maji ya namna hiyo, yasipolainishwa, hupita miligramu 180 kwa lita, kiwango ambacho wanajiolojia wa serikali ya Marekani hukiita cha maji magumu sana. Minneapolis na Saint Paul hutumia maji ya mto Mississippi, ambayo hulainishwa mitamboni kabla ya kufika bombani. Ya Eagan sivyo, kwa hiyo nyumba nyingi za Eagan zina mtambo wake wa kulainisha maji, unaotumia chumvi. Mwenye mtambo unaofanya kazi hana sababu ya kuzidisha sabuni kuliko jirani yake wa Saint Paul. Asiye nao aongeze kijiko kimoja, asiongeze kikombe. Mpangaji amuulize msimamizi wa jengo kama mtambo huo upo. Jibu lake litampa kipimo sahihi kuliko kukisia.

Wengine watauliza kuhusu sare ya anayehudumia wagonjwa au suruali ya fundi wa magari: je, vijiko viwili vitaiweza? Mwaka 1959 Herbert Sinner wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani alieleza kwamba usafi hutokana na mambo manne: dawa, msuguano, joto na muda. Moja likipungua, mengine hufidia. Anayeongeza sabuni anakuza dawa huku povu likipunguza msuguano, kwa hiyo anapata kwa mkono mmoja na kupoteza kwa mwingine. Njia bora kwa sare chafu ni kupaka sabuni kidogo kwenye doa na kuliacha lilowe, kuchagua maji ya moto ambayo kitambaa kinaweza kuyastahimili, kuchagua mzunguko mrefu, na kutolijaza pipa pomoni. Wakati wa baridi kali ya Minnesota shauri hili lina maana zaidi, kwa sababu sabuni ya unga huyeyuka vibaya katika maji baridi ya majira hayo.

Tukumbuke pia kwamba kinachotoka mashineni hakitoweki. Maji machafu ya Eagan huenda kwenye mtambo wa Seneca, uliomo mjini humo humo, na yakishasafishwa humwagwa katika mto Minnesota, unaoingia Mississippi karibu na Fort Snelling. Kila mililita ya ziada ni kazi ya ziada kwa mtambo huo. Kama umezoea kumimina, jaribu hivi: fua taulo zilizo safi kwa maji ya moto bila sabuni yoyote, na ukiona povu, ujue ni sabuni ya zamani iliyokuwa imejificha humo; rudia hadi povu liishe. Baada ya hapo weka kijiko cha kupimia kando ya mashine na uanze na vijiko viwili. Ongeza tu pale nguo yenyewe inapokuonyesha kwamba haijatakata, wala usilisikilize povu.