Mfupa Ukipungua: Je, Kipo cha Kujazia Pengo?

Mwezi huu tunajibu swali la mama mmoja, kwa kuwa tunaona jibu lake litawafaa wengi. Mtoto wake wa miaka 12 aliugua usaha ndani ya mfupa wa muundi. Alipasuliwa, mfupa uliooza ukaondolewa, na sasa pamebaki shimo. Daktari amesema shimo hilo laweza kujazwa kwa kitu kilichotengenezwa kiwandani badala ya mfupa. Nyumbani ndugu hawapatani. Mmoja anasema ni plastiki itakayooza mwilini, mwingine anasema ni mfupa wa marehemu, na mjomba anataka mtoto arudishwe nyumbani. Mama anauliza: "Niweke sahihi, au nisiweke?"

Sisi hatukumpima mtoto huyo, na hatuwezi kuchukua nafasi ya daktari wake. Tunachoweza ni kueleza jambo lenyewe, ili mama aende hospitalini akijua la kuuliza.

Mfupa ni kitu hai

Wengi wetu tumeona mfupa mkavu wa ng'ombe, tukadhani mfupa ni kama jiwe. Sivyo. Mfupa ulio mwilini una damu na una chembe hai. Ziko chembe zinazokula mfupa uliochakaa, na ziko nyingine zinazojenga mpya, kama mafundi wanaobomoa ukuta wa zamani huku wenzao wakijenga nyuma yao. Kazi hiyo haikomi maisha yote. Ndiyo maana mfupa uliovunjika huunga wenyewe, endapo vipande vyake vimekaribiana na vimetulia.

Lakini pengo likiwa kubwa, chembe hizo hazina pa kushika. Badala ya mfupa, pengo hujaa nyama ya kovu, na mguu hubaki dhaifu. Mapengo ya namna hiyo hutokana na ajali za barabarani, usaha wa mfupa, uvimbe uliokwanguliwa, au taya lililopungua baada ya meno kung'oka.

Njia za zamani

Njia inayoaminiwa zaidi mpaka leo ni kuchukua mfupa wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi kutoka nyonga, na kuupandikiza penye pengo. Mfupa huo una chembe hai, na mwili haukatai kilicho chake. Ubaya wake ni kwamba mgonjwa hupata kidonda cha pili, maumivu ya nyonga yaweza kudumu, na mfupa wa kuchukua si mwingi, hasa kwa mtoto.

Njia ya pili ni mfupa wa mtu mwingine. Huko Scotland, daktari William Macewen alieleza mwaka 1881 jinsi alivyomrudishia mtoto mfupa wa mkono kwa vipande vya mifupa ya wagonjwa wengine. Siku hizi nchi nyingi zina hifadhi za mifupa iliyotolewa na watu kwa hiari. Kanisa halikatazi jambo hili: Katekisimu inasema kutoa viungo baada ya kufa ni tendo jema. Lakini mfupa huo lazima upimwe na kusafishwa kwa uangalifu mkubwa. Mwaka 1988 Marekani ilitangaza habari za mgonjwa aliyeambukizwa virusi vya UKIMWI kwa mfupa wa kupandikizwa.

Vitu vinavyotengenezwa

Kwa sababu hizo madaktari walitafuta kitu kisichotoka kwa mtu. Mwaka 1892 daktari Dreesmann wa Ujerumani alijaza mashimo ya mifupa kwa plasta ya jasi, ile ile inayotumika kufungia hogo mguu uliovunjika. Mwaka 1920 daktari Albee wa Marekani alieleza majaribio ya kutumia chumvi ya kalsiamu na fosfeti. Hayo hayakuwa mambo ya kubahatisha tu. Zaidi ya nusu ya uzito wa mfupa ni madini, na madini hayo hasa ni kalsiamu na fosfeti.

Mwaka 1967 mtaalamu wa vioo na vyungu, Larry Hench, alikuwa safarini nchini Marekani pamoja na afisa wa jeshi aliyetoka vita vya Vietnam. Afisa huyo alimwuliza kama angeweza kutengeneza kitu ambacho mwili hautakikataa, kwa maana askari wengi walikuwa wakikatwa miguu na mikono. Mwaka 1969 Hench alitengeneza kioo cha pekee chenye silika, sodiamu, kalsiamu na fosfeti. Kilipowekwa katika mifupa ya panya, kilishikamana nayo kabisa.

Watu wa pwani watafurahi kujua kwamba hata matumbawe yametumika. Matundu yake madogo yanafanana na ya mfupa wetu. Wataalamu huyapika kwa joto na mgandamizo mkubwa mpaka chokaa yake igeuke kuwa madini kama ya mfupa. Asije mtu akadhani jiwe la ufukweni laweza kuwekwa kidondani!

Hufanyaje kazi?

Fikirini fundi anayejenga ghorofa. Kwanza husimamisha jukwaa la miti, ndipo hupanda na kujenga. Punje zinazowekwa katika pengo ni kama jukwaa hilo. Zina vitundu vidogo, na mishipa ya damu na chembe za kujenga huingia humo na kuweka mfupa mpya. Pole pole jukwaa huyeyuka. Jasi huisha kwa majuma au miezi michache. Aina nyingine za kalsiamu na fosfeti huchukua miezi mingi, na zile ngumu zaidi hukaa miaka. Basi, si plastiki, wala si mfupa wa marehemu.

Tena jasi yaweza kuchanganywa na dawa ya kuua vijidudu, ikawa inatoa dawa pale pale penye ugonjwa huku ikiyeyuka.

Yasiyowezekana

Tusidanganyane. Jukwaa si fundi. Punje hizi hazina chembe hai, kwa hiyo zinahitaji mfupa wenye afya na damu ya kutosha kandokando yake. Ni rahisi kuvunjika kama kigae, na haziwezi peke yake kubeba uzito wa mwili. Ndiyo maana mgonjwa huwekewa vyuma au hogo, na hukatazwa kukanyaga mpaka daktari aruhusu. Pengo likiwa kubwa sana, daktari aweza kuchanganya punje na mfupa wa nyonga. Na ikiwa usaha haujaisha, au mfupa uliokufa haukuondolewa wote, hata kitu cha bei kubwa hakitasaidia.

Maswali ya kumwuliza daktari

1. Je, usaha umeisha, na mfupa uliooza umeondolewa wote?
2. Mtatumia kitu gani, na kwa nini si mfupa wa nyonga?
3. Gharama yake ni kiasi gani, pamoja na vyuma na eksirei za baadaye?
4. Mtoto atakaa muda gani bila kukanyaga?
5. Dalili zipi zitufanye turudi upesi?

Daktari mwema hachukizwi na maswali hayo. Na asiyeelewa jibu aombe aelezwe tena kabla ya kuweka sahihi.

Wajibu wetu nyumbani

Mapengo mengi yangeweza kuzuilika. Mtoto mwenye homa na maumivu makali ya mfupa, asiyetaka kuguswa mguu, apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo, hasa kama ana selimundu. Asikandwe wala kuchanjwa. Mfupa uliovunjika na kutokeza nje usirudishwe ndani kwa nguvu: funikeni kidonda kwa kitambaa safi, tulizeni mguu kwa vijiti, na mwahi hospitali. Kufungwa kwa kukazwa sana kwaweza kuua mguu mzima. Mwenye kuuguza mfupa apate dagaa, maziwa, mayai, maharage na mboga za majani, naye asivute sigara, kwani sigara huchelewesha mfupa kuunga.

Kwako mama uliyetuuliza: jambo analolisema daktari linafahamika na limesaidia wengi, lakini linataka subira ya miezi mingi na kurudi kliniki bila kukosa. Mchukue mjomba mwende naye hospitalini, aulize mwenyewe na ajibiwe. Akielewa, atakuwa msaada wako wa kumbeba mtoto katika miezi ile ambayo hataruhusiwa kukanyaga.