Uthibitishaji wa Namba ya Chasisi ya Land Rover ya Zamani Isiyo na Kadi: Hali ya Arusha na Maeneo ya Mlima Meru

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna namba ya chasisi ya Land Rover ya zamani inavyoweza kuthibitishwa pale ambapo kadi ya usajili imepotea au haikuwahi kukabidhiwa kwa anayelishikilia gari. Hoja kuu ni kwamba namba haithibitishwi kwa kusomwa peke yake. Hulinganishwa na mashahidi watatu: muundo wa gari lenyewe, kumbukumbu za kiwanda na kumbukumbu za nchi. Aidha, makala yanaonyesha kuwa kulitambua gari ni jambo moja, na kuthibitisha umiliki wake ni jambo jingine.

1.0 Utangulizi

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa ikiundwa Solihull, Uingereza, na katika miaka iliyofuata ikawa chombo cha kazi katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Katika mkoa wa Arusha ilitumika kwenye mashamba ya kahawa ya miteremko ya Mlima Meru, katika misheni, katika ofisi za serikali na katika hifadhi za wanyamapori, na baadaye ikabeba watalii. Mnamo Oktoba 2024, tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha liliyakusanya magari hayo kwa wingi, yakiwemo ya miongo mingi iliyopita. Kwa hiyo, thamani ya gari la namna hiyo haitokani tena na kazi linayoweza kufanya tu, bali pia na uzamani wake.

Pamoja na thamani hiyo, lipo tatizo. Gari linaweza kukaa bandani kwa miaka ishirini au zaidi huko Usa River, Tengeru au Ngaramtoni. Aliyelinunua amefariki, kadi haionekani, na watoto wake wanajua tu kwamba “gari ni la mzee”. Mnunuzi anapojitokeza, swali la kwanza huwa ni bei, ilhali lilipaswa kuwa: je, gari hili ni lipi? Anayelipa kabla ya kupata jibu huenda akanunua chuma kisichoweza kusajiliwa, au mali ya mtu mwingine.

2.0 Kadi na Chuma

Nchini Tanzania usajili wa magari husimamiwa na Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), na ukaguzi wa gari hufanywa na Kikosi cha Usalama Barabarani cha Jeshi la Polisi. Kadi ya gari huonyesha namba ya usajili, jina la mmiliki, aina ya gari, namba ya chasisi na namba ya injini. Kati ya taarifa hizo, namba ya chasisi ndiyo inayoliunganisha karatasi na gari. Namba ya usajili hubadilika, mmiliki hubadilika, injini hubadilishwa. Chasisi ndiyo inayotarajiwa kubaki.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa magari ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, namba za usajili zilizoanza kwa herufi TZ zilipisha mfumo wa sasa, ambao namba yake huwa na herufi T, tarakimu tatu na herufi tatu. Gari lililolazwa kabla ya mabadiliko hayo linaweza kuwa bado na namba ya zamani. Gari la namna hiyo huenda lisipatikane kwa kutafuta namba yake ya usajili katika mfumo wa kielektroniki. Kinachobaki cha kuulizia ni kile kilichogongwa kwenye chuma.

3.0 Mahali pa Namba na Namna ya Kuisoma

Katika Land Rover za Series II, IIA na III, zilizoundwa kati ya mwaka 1958 na 1985, namba huwa katika sehemu mbili. Ya kwanza ni kibati cha kiwandani kilichofungwa kwenye gari, kwa kawaida katika ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Ya pili imegongwa moja kwa moja kwenye fremu, upande wa kulia mbele, katika mkono unaoshika springi ya mbele.

Sehemu hizi mbili hazina uzito sawa. Kibati hushikwa kwa skrubu au ribiti, hivyo kinaweza kung’olewa na kufungwa kwenye gari jingine. Hata ukuta wenyewe huoza kwa kutu na kubadilishwa na mafundi pasipo nia mbaya. Namba iliyogongwa kwenye fremu ni ngumu zaidi kuhamisha. Kwa hiyo, kibati bila namba ya fremu ni dalili tu, na pale viwili hivyo vinapotofautiana, uchunguzi hauna budi kuendelea.

Namba ya fremu mara nyingi haionekani kwa haraka. Tope, grisi na rangi zilizopakwa tabaka juu ya tabaka huifunika. Njia salama ni kuilainisha takataka kwa mafuta ya taa, kuiondoa rangi kwa dawa ya kuondolea rangi, kisha kusugua taratibu kwa brashi ya nyuzi za shaba. Mashine ya kusagia chuma haifai hata kidogo: mbali na kufuta namba, huacha alama zinazofanana kabisa na za mtu aliyekusudia kuifuta. Baada ya kusafisha, tochi imulikwe kutoka ubavuni ili vivuli vionyeshe kina cha herufi. Karatasi nyembamba inaweza kuwekwa juu na kupakwa penseli ili namba ijichore. Picha zipigwe kabla na baada ya kusafisha.

Msomaji huchunguza pia mwonekano wa alama zenyewe. Je, tarakimu zina ukubwa na mtindo mmoja? Je, chuma kinachozizunguka kina kutu ya umri uleule na fremu nzima? Je, kuna mstari wa kuchomelea karibu na namba? Pale namba inapoonekana kufutwa, mmiliki hapaswi kujaribu kuirudisha. Kugonga namba hukandamiza chuma hadi chini ya uso wake, na wataalamu wa uchunguzi wa jinai wanaweza kuibua alama hizo kwa kemikali. Kazi hiyo hufanywa na maabara kupitia polisi, si na gereji.

4.0 Maana ya Tarakimu

Namba ya Series IIA au Series III kwa kawaida huwa na tarakimu nane na herufi moja mwishoni. Tarakimu tatu za mwanzo hutaja aina ya gari, tano zinazofuata ni za mfululizo, na herufi huonyesha hatua ya mabadiliko ya muundo. Herufi hiyo hutumika kuchagulia vipuri, wala haitaji mwaka wa kuundwa.

Mfano ni Land Rover ya petroli ya Series IIA yenye urefu wa inchi 109 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Namba zake huanza na 251 hadi 255. Namba 251 ni gari la usukani wa kulia lililokusudiwa soko la Uingereza. 252 ni la usukani wa kulia lililosafirishwa nje likiwa kamili. 253 ni la usukani wa kulia lililosafirishwa vipandevipande ili liunganishwe katika nchi nyingine. Namba 254 na 255 ni za usukani wa kushoto, moja likiwa kamili na jingine vipandevipande. Kwa Series III ya injini ya petroli ya silinda nne na urefu huohuo, mpangilio ni 911 hadi 915.

Kutokana na mpangilio huo, tarakimu tatu tu hutoa maswali yanayoweza kujibiwa papo hapo. Namba ikianza na 252, umbali kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma unapaswa kukaribia sentimita 277. Futi ya fundi ikionyesha takriban sentimita 223.5, gari hilo ni la inchi 88, na namba hiyo si yake. Namba ikianza na 254 ilhali usukani upo kulia, ama usukani umehamishwa au namba imetoka kwenye gari jingine. Ikianza na 251, gari halikutumwa Afrika Mashariki na kiwanda kama bidhaa ya soko la nje, kwa hiyo ipo haja ya kuuliza liliingiaje nchini na kama lililipiwa ushuru wa forodha.

Baadaye Land Rover zilianza kupewa namba za herufi na tarakimu 17 zinazoanza na SAL. Katika mfumo huo herufi I, O na Q hazitumiki, kwa kuwa hufanana na tarakimu 1 na 0. Tahadhari inahitajika hapa. Programu nyingi za kukagua namba huitumia nafasi ya tisa kama tarakimu ya uhakiki, sharti ambalo ni la soko la Amerika Kaskazini. Gari lililoundwa kwa masoko mengine linaweza kukataliwa na programu hiyo ingawa namba yake ni halali. Vilevile, gari la mwaka 1968 haliwezi kuwa na namba ya tarakimu 17 ya kiwandani. Likiwa nayo, namba hiyo imetoka kwingine.

5.0 Magari Yaliyokatwa na Kuunganishwa

Arusha ina hali inayofanya uchunguzi kuwa mgumu zaidi. Kwa ajili ya utalii, gereji za mji huu zimekuwa zikikata fremu za magari na kuzirefusha ili kuongeza viti. Aidha, gari moja la shambani linaweza kuwa limejengwa kwa vipande vya magari mawili au matatu yaliyokufa. Katika hali hiyo, namba iliyo mbele kulia inathibitisha sehemu ya mbele ya fremu tu. Kipimo cha urefu hakitakubaliana na tarakimu za mwanzo, lakini tofauti hiyo si lazima iwe ushahidi wa wizi.

Kinachotenganisha marekebisho halali na udanganyifu ni maelezo yanayoweza kuthibitishwa: mshono wa kuchomelea ulipo, risiti ya gereji, picha za zamani, na mkaguzi aliyearifiwa. Udanganyifu wa kawaida huchukua njia nyingine. Kadi ya gari lililokwisha kuuzwa kama chuma chakavu hununuliwa, kisha namba yake hugongwa kwenye gari lisilo na kadi. Mwenye gari halali anayeshawishiwa kufanya hivyo kwa sababu “ni njia ya mkato” hupoteza haki aliyokuwa nayo, kwani kughushi ni kosa la jinai, na utambulisho halisi wa gari lake unakuwa umefutwa kwa mkono wake mwenyewe.

Kanuni inayopaswa kufuatwa ni hii: kadi hurekebishwa ifuate chuma, chuma hakirekebishwi kifuate kadi. Karani aliyenakili namba kwa mkono angeweza kuandika 7 badala ya 1, au 8 badala ya B. Kosa la tarakimu moja huelezeka na hurekebishwa kwa ukaguzi na maombi rasmi.

6.0 Kumbukumbu za Kiwanda na za Nchi

Shahidi wa pili ni daftari la kiwanda. Makumbusho ya British Motor Museum yaliyopo Gaydon, Uingereza, huhifadhi kumbukumbu za uzalishaji wa Land Rover za zamani na hutoa cheti kwa malipo. Cheti huweza kuonyesha tarehe ya kuundwa, namba ya injini ya awali, rangi na mahali gari lilikotumwa. Kwa gari lililotoka vipandevipande, kumbukumbu hizo haziwezi kueleza kila kilichofanyika baada ya shehena kuondoka, kwa kuwa gari lilikamilishwa kwingine, kama ilivyokuwa kwa Land Rover zilizounganishwa Thika, Kenya. Cheti hiki huthibitisha historia ya namba. Hakimtaji mmiliki wa leo.

Shahidi wa tatu ni kumbukumbu za nchi. Ombi la kutafuta namba ya chasisi hupelekwa TRA, na polisi huombwa kukagua gari na kuangalia kama limeripotiwa kuibwa, ikiwa ni pamoja na katika hifadhidata ya Interpol. Kwa Arusha, iliyo karibu na mpaka wa Namanga, upande wa Kenya usisahaulike. Gari lililovuka mpaka bila kukamilisha taratibu za forodha linaweza kukamatwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, hata kama namba zake zote zinapatana.

7.0 Kutoka Utambulisho hadi Umiliki

Namba ikishathibitishwa, kinachojulikana ni gari lipi. Bado haijajulikana ni la nani. Msingi wa sheria ya mauzo ya bidhaa ni kwamba, isipokuwa katika hali chache maalumu, mtu hawezi kumpa mwingine haki ambayo yeye mwenyewe hana. Kwa hiyo, mnyororo wa umiliki hufuatiliwa hatua kwa hatua.

Kama kadi imepotea mikononi mwa mmiliki aliyesajiliwa, yeye hutoa taarifa ya upotevu polisi na kuomba nakala TRA. Kama amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto anayeishi na gari. Kama gari lilikuwa la serikali na namba zake zilianza kwa ST, zinatafutwa hati za mnada. Kama lilikuwa la misheni au shirika, inahitajika barua ya taasisi husika. Barua ya serikali ya mtaa au kijiji husaidia kueleza gari limekaa wapi na kwa muda gani, lakini haichukui nafasi ya hati hizo.

Mnunuzi mwangalifu hufanya mkataba wa mauziano unaotaja namba kama inavyosomeka kwenye fremu, na hulipa sehemu kubwa ya fedha baada ya ukaguzi na kupatikana kwa kadi. Utaratibu huu humlinda pia muuzaji, kwa kuwa familia isiyo na nyaraka hulazimika kukubali bei ya chuma chakavu.

8.0 Hitimisho

Uthibitishaji wa namba ya chasisi ni kazi ya ulinganisho. Fremu, kibati, kipimo cha urefu, upande wa usukani, daftari la kiwanda na kumbukumbu za TRA na polisi vikikubaliana, gari limetambulika. Visipokubaliana, tofauti ielezwe kwa maandishi kabla ya fedha kubadilishana mikono. Kwa familia za Arusha na Meru zenye Land Rover bandani, hatua ya kwanza haina gharama kubwa: kusafisha mkono wa springi ya mbele kulia, kuisoma namba na kuiandika, wangali hai wazee wanaokumbuka gari lilitoka wapi.