Motokaa Kuukuu ya Fahari na Utunzaji Wake Nyumbani

Wako watu wengi hapa Ubungo walioachiwa na baba zao motokaa ambazo katika siku zake zilikuwa za fahari. Nipitapo Kibangu, Riverside na nyuma ya Shekilango naziona zimesimama uani chini ya miembe, matairi yamekwisha upepo, kuku wanataga juu ya viti. Nyingi ni Mercedes-Benz za namba 123, ambazo Wajerumani walianza kuziuza mwaka 1976, na za milango minne zikaacha kuundwa mwaka 1985. Ziliundwa karibu milioni mbili na laki saba. Jina la Benz ndilo lililozaa lile neno Wabenzi, ambalo wananchi waliwaita wakubwa baada ya uhuru, wala halikuwa neno la sifa. Wakubwa wale wengi wamekwisha kwenda zao, na Benz zimebaki mikononi mwa wajane na watoto.

Mwaka huu baada ya Pasaka alikuja ofisini kwangu mama mmoja mjane wa jumuiya yetu kutaka cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Nilimwandikia, nikagonga mhuri, lakini hakuondoka.

"Mwanangu Karani," akasema, "lile gari la baba yenu nataka kuwapa watu wa vyuma chakavu. Limenishinda."

"Shikamoo tena, Mama," nikamjibu, maana nilidhani sikusikia vema. "Si ndilo lipelekalo maharusi?"

Ndilo. Ni Benz nyeupe ya dizeli, 240D ya mwaka 1982, ambayo marehemu aliinunua ikiwa tayari imetumika. Kila Jumamosi kijana wake wa mwisho huifunga utepe na kuwapeleka maharusi kanisani, na fedha ile ndiyo ada ya shule ya wajukuu wawili. Sasa ilikuwa imekataa kuzima. Ufunguo ukitolewa, injini inaendelea kunguruma kama haikusikia. Kijana alikuwa akiizima kwa kutia gia ya nne, kukanyaga breki na kuachia klachi, jambo ambalo linaumiza kila chuma kilichomo. Fundi mmoja alikwisha sema kwamba pampu ya dizeli imekufa na sharti ishushwe. Alitaka shilingi milioni moja na laki nane. Watu wa vyuma chakavu walitaka kumpa laki sita.

Nilimwuliza swali moja tu: "Mama, milango bado inajifunga yote kwa pamoja kama zamani?"

"Milango iliacha tangu Noeli. Lakini hiyo si shida, tunafunga kwa mkono."

Kumbe ndiyo iliyokuwa shida yenyewe. Hapa nawaomba wasomaji wenye Benz za dizeli za namna hii wasome polepole. Injini ya petroli huzimwa kwa kukatiwa cheche za plagi, lakini ya dizeli haina cheche. Hapana budi ikatiwe mafuta. Katika 240D kazi hiyo hufanywa kwa nguvu ya kufyonza hewa. Ipo pampu ndogo mbele ya injini inayofyonza hewa wakati wote injini inapozunguka. Ukizungusha ufunguo kuzima, nguvu ile hupita katika mpira mwembamba mpaka nyuma ya pampu ya dizeli, ikavuta kiwambo kidogo, na dizeli ikakatika. Pampu ile ile hufunga milango yote kwa pamoja, na pampu ile ile husaidia mguu wako kukanyaga breki. Basi kiwambo cha mlango mmoja kikipasuka, hewa inaingia kwa huko, nguvu inapungua kote, na injini haizimi. Ukipuuza, siku nyingine utakuta breki nayo ni ngumu kama jiwe.

Jumamosi moja isiyokuwa na harusi nilikwenda na kijana yule tukafungua boneti. Kwanza nilimwonyesha wenzo mdogo ulioandikwa STOP, kwenye vyuma viendavyo pampu ya dizeli. Ukiubonyeza kwa mkono injini huzima bila kuumia. Alikuwa ameiendesha motokaa ile miaka minne asiujue. Kisha tulichomoa mpira mwembamba uendao kwenye kiwambo cha kuzimia, tukaupangusa, akaufyonza kwa kinywa na kuuziba kwa ulimi. Mpira ukang'ang'ania ulimi wake. Maana yake kiwambo ni kizima, na pampu ya dizeli haina kosa lolote. Ndipo tukatafuta mpira wa manjano uendao milangoni, tukauchomoa, tukaziba tundu lake kwa parafujo ndogo. Tukawasha. Tukazungusha ufunguo. Injini ikazima kimya. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Hakusema neno, akarudi jikoni.

Kazi nzima ilichukua saa moja. Simlaumu sana yule fundi, kwa kuwa vijana wengi wa gereji siku hizi wamejifunzia Toyota na hawakupata kuona dude la namna hii. Walakini mwenye gari ana wajibu wa kujua gari lake. Kitabu cha maelezo cha motokaa ile kilikuwamo katika kisanduku cha mbele tangu 1982, karatasi zake bado zimenata.

Nitaje sasa mambo mengine ambayo mtu aweza kuyafanya uani kwake, nikianza na lile linalonichoma zaidi.

Usilale chini ya motokaa iliyoshikiliwa na jeki peke yake, wala usiiweke juu ya tofali za simenti. Tofali hubeba ukuta kwa kuwa uzito wa ukuta umetulia. Gari likitikiswa kidogo tofali hupasuka ghafula bila kuonya. Katika daftari la maziko ninaloliandika mimi limo jina la kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyekwenda chini kufungua boliti moja tu. Nunua stendi za chuma zile za miguu mitatu au minne. Ukikosa fedha, tafuta magogo mapana ya mti mgumu, uyalaze, uyapange yasiteleze, uweke vizuizi kwenye matairi yaliyobaki chini, kisha lisukume gari kwa mikono kabla hujaingia. Likicheza hata kidogo, usiingie.

La pili ni mafuta ya breki. Mafuta haya yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa, na hewa yetu ya Dar es Salaam ina unyevu mwingi. Yakikaa miaka mingi yanakuwa na maji ndani, na maji yale yakipata joto la breki yanachemka na kuwa mvuke. Mvuke hubonyea, basi mguu unazama mpaka sakafuni na gari linaendelea kwenda. Mtu ashukaye Kimara na maharusi nyuma hapaswi kuligundua jambo hilo hapo. Yabadilishe yote kila miaka miwili, ya alama ya DOT 4. Usiongeze kamwe oili ya injini wala ya usukani katika kopo la breki, kwani hufura mipira yote ya ndani, nawe utanunua kila kitu upya. Tazama pia mipira minene ya breki iliyo karibu na matairi. Ikizeeka hufura kwa ndani, mafuta yanaingia lakini hayarudi, na tairi moja linakuwa la moto kuliko mengine baada ya mwendo mfupi. Pitisha mkono karibu na rimu ya kila tairi, bila kuigusa, ulinganishe joto.

Habari ya kuchemsha injini ni ndefu. Foleni ya Barabara ya Morogoro inajulikana. Hata baada ya barabara za juu za Ubungo kufunguliwa mwaka 2021 gari bado husimama juani. Fundi wengi, gari likichemsha, jambo la kwanza huitoa thamostati na kuitupa, wakisema kwamba nchi yetu ni ya joto na kifaa hicho ni cha Ulaya. Katika Benz hii ushauri huo ni mbaya kabisa. Thamostati yake ina vifuniko viwili: kimoja hufungua njia ya kwenda rejeta, na cha pili hufunga njia ya mkato irudishayo maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato hubaki wazi, na maji mengi ya moto hurudi ndani bila kupita kwenye rejeta. Gari litachemsha zaidi, nawe utanunua rejeta mpya bure. Tia thamostati mpya ya nyuzi 80, na mshale wa joto utatulia karibu na hapo.

Tena, maji ya kisima tusiyatie. Visima vingi vya huku kwetu vina chumvichumvi, na chumvi inakula chuma na aluminiamu pole pole. Tumia maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya betri, uchanganye nusu kwa nusu na kulanti. Nusu ile ya kulanti si kwa ajili ya baridi, maana baridi hatuna, bali ni kwa kuzuia kutu na kuchelewesha kuchemka. Na kifuniko kisifunguliwe injini ikiwa ya moto. Waliofanya hivyo wanaonekana kwa makovu usoni.

Oili ipimwe asubuhi, gari likiwa mahali tambarare, kwa kitambaa safi. Mimi naibadilisha kila kilomita elfu tano pamoja na filta yake. Usishangae kwamba oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ya pili. Huo ni moshi wake wa kawaida.

Dizeli inunuliwe kituoni, wala isinunuliwe kwenye vidumu vya kando ya barabara. Benz hii ina filta mbili za dizeli, ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, na kubwa ya chuma. Ile ndogo ndiyo daktari wako: ukiona uchafu au maji chini yake, badilisha. Ikiwa umeishiwa dizeli njiani, hewa huingia mirijani na gari haliwaki hata ukiua betri. Kando ya pampu ya dizeli kipo kitasa cha pampu ya mkono. Kifungue kwa kuzungusha, upige juu na chini mpaka usikie kizito, ukifunge tena sawasawa, ndipo uwashe.

Mwenye mkono mwepesi aweza hata kupima vali mwenyewe, injini ikiwa ya baridi: za kuingiza hewa milimita 0.10, za kutoa moshi milimita 0.30. Yataka spana mbili za namba 14 na uvumilivu wa asubuhi nzima, na injini izungushwe upande wake wa kawaida tu, isirudishwe nyuma. Kama mkono wako si mwepesi, mpe fundi, lakini umtajie namba hizo, uone kama anazijua.

Kutu nayo. Watu husugua rangi ya juu mpaka ing'are, kumbe maji yanaingia chini. Majani ya mwembe huanguka kwenye nafasi iliyo chini ya kioo cha mbele na kuziba vitundu vya kutolea maji. Mvua za masika zikija, maji yanafurika huko na kushuka miguuni pa abiria, zulia likaoza, na sakafu baada yake. Toa majani kila wiki kwa vidole, haigharimu kitu. Na lililopita kwenye mafuriko ya Jangwani lisiwashwe kwanza. Livutwe nyumbani, oili imwagwe itazamwe kama ina maji.

Viti vya motokaa hizi watu hujivunia kuwa ni vya ngozi. Aghalabu si ngozi, ni kitambaa cha plastiki kilichofumwa vizuri, na ndiyo sababu kimedumu miaka arobaini. Basi usikipake mafuta ya ngozi ya bei kubwa. Maji na sabuni yatosha.

Kwa wale watakao kununua Benz iliyofuata, namba 124, neno moja. Katika zile za mwaka 1992 mpaka 1995, Wajerumani walitumia ganda la waya za injini ambalo huoza na kumomonyoka kama mkate mkavu. Kabla ya kutoa fedha, kunja waya mmoja karibu na injini. Ganda likipasuka, ondoka, au ushushe bei ya waya zote.

Vipuri vinapatikana Kariakoo na Gerezani, lakini uende na kifaa cha zamani mkononi na namba ya chasisi umeiandika kwenye karatasi. Muuzaji akikuambia kwamba zote ni sawa, enda duka la pili.

Mjane yule hajaita tena watu wa vyuma chakavu. Benz ilikwenda harusini Jumamosi iliyopita, ikazima mbele ya kanisa kwa ufunguo, kama ipasavyo. Kiwambo kilichopasuka tumekiona: ni cha mlango wa nyuma wa kushoto. Bado tunakitafuta, na mpaka kipatikane kijana huzunguka gari lote na kufunga milango minne kwa mkono, mmoja baada ya mwingine, maharusi wakimngojea.