Viingilio vya mechi za mpira wa miguu Tanzania

Kiingilio ni fedha ambayo mtazamaji hulipa ili aruhusiwe kuingia uwanjani kutazama mechi. Nchini Tanzania kwa kawaida klabu mwenyeji ndiyo hutangaza viingilio kabla ya kila mechi. Jukwaa la mzunguko huwa na bei ya chini, kisha hufuata VIP B na VIP A.

Timu mpya ya mji mdogo kama Dumila, wilayani Kilosa, huanzia ligi ya wilaya na ya mkoa, tena ikiwa mbali sana na Ligi Kuu. Uwanja usio na uzio hauwezi kutoza kiingilio, hivyo timu huishi kwa mfadhili na michango ya wapenzi. Ukuta na geti ni mtaji wa kwanza wa klabu, hata kabla ya mshambuliaji hodari.

Mfano wa Mtibwa Sugar

Klabu ya mkoa wa Morogoro iliyofika mbali ni Mtibwa Sugar, bingwa wa Tanzania Bara mwaka 1999 na 2000. Iliundwa kiwandani, na uwanja wake wa Manungu uko kwenye mashamba ya miwa ya Turiani, wilaya ya Mvomero. Kutoka Dumila ni mwendo wa karibu kilomita 50 kwa barabara ya Magole-Turiani. Kwa hiyo mtu wa Dumila hulipa nauli ya kwenda na kurudi kabla hajafika dirisha la tiketi, ilhali mechi hiyohiyo anaweza kuiona kwenye kibanda umiza cha jirani kwa fedha kidogo. Mshindani wa klabu ndogo getini ni runinga, kuliko timu nyingine.

Kupanga bei

Tuseme kiingilio ni shilingi 5,000 na wanaingia watu 600: zinapatikana 3,000,000. Kikishushwa hadi 2,000 wakaja 1,800, zinapatikana 3,600,000. Gharama za walinzi na gari la wagonjwa haziongezeki sana, na mama lishe na wauza maji nao wanapata riziki. Lakini wakija 1,000 tu, mapato hushuka hadi 2,000,000. Ndiyo maana bei haifai kukisiwa. Inajaribiwa mechi mbili tatu, na watu wanahesabiwa.

Fedha ya getini si ya klabu yote. VAT ya asilimia 18 ikiwa ndani ya bei, tiketi ya 5,000 hubaki na takribani 4,237 kabla ya makato mengine.

Simba au Yanga wakija, klabu ndogo hupandisha bei, na wakati mwingine huhamishia mechi kwenye uwanja mkubwa zaidi. Mapato ya siku hiyo huwa makubwa, ila mkulima aliyekuja mwaka mzima huachwa nje siku aliyoisubiri. Tiketi ya msimu, inayolipwa baada ya mavuno ya mpunga au nyanya, ingemhifadhia nafasi yake.

Matangazo

Katika miji midogo gari lenye vipaza sauti siku ya gulio hufikia watu wengi kuliko bango. Wanafunzi wanaweza kuingizwa kwa nusu bei, kwa kuwa mtoto huweza kuja na mzazi.

Tiketi za karatasi zilileta udanganyifu mwingi: tiketi bandia, na fedha kupotea mlangoni. Viwanja vikubwa kama Benjamin Mkapa sasa hutumia kadi ya N-Card. Penye vishina vya karatasi bado, inafaa mhasibu ahesabu vilivyochanwa mbele ya mashahidi.